Giza la Hadithi na Kiasi Chake

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo nakuomba tuzungumze juu ya giza. Sisemi giza la umeme kukatika, ambalo kila mpangaji wa Mbagala au Manzese analijua bila kufundishwa. Nasema giza lile ambalo mwanadamu hulitia kwa makusudi ndani ya hadithi zake, na siku hizi ndani ya michezo ya kompyuta ambayo watoto wetu huiita gemu. Mchezo wa mashujaa, mizimu na mazimwi unapaswa kuwa na giza kiasi gani? Kwa muda mrefu nililipuuza swali hili nikiliona ni la vijana wasio na shughuli. Limenifikia nyumbani kwa njia ya msiba, na kwa hiyo sina budi kuliandika.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifariki mapema mwaka huu baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa mtu wa Miteja, wilayani Kilwa, na huko ndiko alikozikwa. Ameacha watoto wawili: binti wa miaka 6 na mvulana wa miaka 13. Binti alilia, akanyamaza, akalia tena, kama watoto wafanyavyo. Mvulana hakulia. Hakulia siku ya maziko, wala siku ya tatu, wala tuliporudi Dar es Salaam. Alikwenda shule, akarudi, akala alichopewa, kisha akavuka uchochoro kwenda nyumba ya jirani, ambako kijana mmoja mwanafunzi wa chuo ana kompyuta. Huko alikaa kila jioni akicheza mchezo mmoja tu.

Dada yangu alipokwenda kutazama ni mchezo gani, alimwona kijana mwenye kinyago akizungumza na mungu wa mauti. Alimshika mwanawe mkono, akamtoa, akamkataza kurudi tena. Usiku ule alinipigia simu. "Kaka," aliniambia, "mtoto amefiwa na baba yake, nao wanampa mchezo wa mizimu na vifo. Hivi watu hawa wana akili?" Nilimjibu kwamba amefanya vyema. Leo nakiri kwamba nilitoa jibu hilo kabla ya kuutazama mchezo wenyewe, kosa ambalo mtu wa kazi yangu hapaswi kulifanya.

Nilipoutazama, niliyaona mambo ambayo sikuyatazamia. Mchezo huo unaitwa Tales of Kenzera: ZAU, nao ulitolewa Aprili 2024. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili ya familia yake ni Kenya, na ambaye ameanzisha kampuni ya michezo iitwayo Surgent Studios. Salim alifiwa na baba yake, na ameeleza mwenyewe kwamba mchezo huu ulizaliwa katika msiba ule. Humo kijana mganga aitwaye Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: Zau amletee roho kubwa tatu zilizomponyoka, na Kalunga naye amrudishie baba yake aliyekufa. Tena, mchezaji akipenda, wahusika humsemesha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa rangi. Nilitazamia weusi mtupu, kama wa zile picha za kutisha ambazo tulipokuwa wadogo tulizitazama kwa kuchungulia dirishani. Badala yake nilikuta misitu ya zambarau, mawingu ya rangi ya machungwa, na vinyago viwili, kimoja cha jua na kimoja cha mwezi, ambavyo Zau huvaa kwa zamu ili kupata nguvu mbalimbali. Msiba ulikuwamo, tena mzito, lakini haukupakwa masizi. Nilijiuliza: mchezo wa mauti uliojaa rangi namna hii unamdanganya mtoto, ama unamsaidia?

Swali hili la rangi na giza limewahi kuwagombanisha watu wazima huko ng'ambo. Mwishoni mwa 1996 kampuni ya Kimarekani iitwayo Blizzard ilitoa mchezo wa Diablo, ambamo mchezaji hujivika nafsi ya shujaa na kushuka chini ya kanisa kuu la mji wa Tristram, tabaka kwa tabaka, 16 kwa jumla, mpaka amkute Ibilisi mwenyewe. Huko chini shujaa huzungukwa na nuru kidogo tu. Yaliyo mbali yake mchezaji hayaoni, ila huyasikia. Watu waliupenda mchezo huo kwa sababu ya giza hilo hilo. Mwaka 2008 kampuni ilipoonyesha picha za kwanza za Diablo III, zenye majani mabichi na upinde wa mvua, wapenzi wale walihamaki. Waliandika malalamiko na kukusanya maelfu ya saini, wakiitaka kampuni irudishe giza. Waundaji hawakuwakubalia. Mchezo ulipotoka Mei 2012, ndani yake mlikuwa mmefichwa mahali penye upinde wa mvua na mawingu yanayotabasamu, kwa ajili ya kuwatania waliolalamika. Hata hivyo Diablo IV, iliyotoka 2023, ilirejea katika giza zito.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wanatia saini kwa sababu ya upinde wa mvua! Lakini nilipotafakari niliona kwamba hawakuwa wajinga. Walikuwa wakitetea kitu fulani ambacho hawakuweza kukitaja kwa jina. Jina lake nililipata Miteja.

Tulikwenda huko kwa ajili ya arobaini. Basi la kusini liliondoka Mbagala alfajiri, likavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ambalo tangu 2003 limewaondolea watu adha ya kungojea kivuko cha Ndundu, likapita Somanga, hatimaye tukashuka. Njia nzima mpwa wangu alikaa dirishani bila kusema. Nilimnunulia korosho, alizishika mkononi mpaka tulipofika, asile hata moja.

Khitma ilisomwa, pilau ikaliwa, wageni wakaaga. Usiku ule umeme ulikatika. Mama mzazi wa marehemu, ambaye umri wake umepita miaka 70, aliwasha chemli, akaiweka katikati ya mkeka uani, na wajukuu wote wakamzunguka. "Paukwa!" alisema. "Pakawa!" wakaitikia watoto, isipokuwa mmoja.

Alisimulia habari za mrina asali aliyeingia msituni asirudi. Mwanawe akaondoka kumtafuta. Akatembea siku nzima mpaka penye mbuyu mkubwa, na hapo akaisikia sauti ya baba yake ikimwita kutoka ndani ya mti: njoo mwanangu, nimechoka, njoo unishike mkono. Bibi alipofika hapo alinyosha mkono akaupunguza utambi wa chemli. Uso wake ukatoweka, ikabaki sauti. Binti wa miaka 6 alipiga ukelele. Bibi akamvuta, akampakata, bila kukatiza maneno yake. Mtoto wa mrina asali akaukaribia mbuyu. Kisha akakumbuka jambo, akauliza: kama wewe ni baba yangu, nilipokuwa mgonjwa ulikuwa ukiniita jina gani? Mti ukanyamaza. Akauliza mara ya pili, mti ukanyamaza. Akauliza mara ya tatu, na kilichokuwa ndani kikanguruma, kwa maana lilikuwa zimwi. Zimwi hujua kuiga sauti. Majina ya mapenzi haliyajui. Mtoto akakimbia usiku kucha, akafika kwao, akamkuta mama yake amekoka moto anamngojea.

Ndipo mpwa wangu alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Bibi, na baba yake?"

"Baba yake hakurudi, mume wangu," bibi alimjibu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake.

"Hakurudi kabisa?"

"Hakurudi kabisa."

Kwa desturi, hadithi ikiisha bibi huinua utambi. Usiku ule hakuuinua. Mvulana alilaza kichwa chake kwenye goti la bibi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Binamu zake waliokuwa upande wa pili wa mkeka hawakumwona. Bibi aliendelea kuwatania na kuwatega vitendawili, mkono wake mmoja ukiwa juu ya kichwa cha mjukuu. Ilipita kama robo saa ndipo aliponyosha mkono tena, na nuru ikarudi taratibu.

Dada yangu alikuwa ameyaona yote kutoka mlango wa jikoni. Watoto walipokwisha lala alimwendea mama mkwe wake kwa adabu, lakini kwa uchungu. "Mama, nisamehe. Mtoto amefiwa hata miezi miwili haijatimu, nawe unamsimulia mtu aliyepotelewa na baba?"

"Mwanangu," bibi alimjibu, "kwani ningemsimulia sungura na fisi, baba yake angefufuka?"

Dada hakuridhika. Alisema kwamba mambo ya mizimu na mazimwi huwatia watoto katika ushirikina, na kwamba hiyo ndiyo sababu yake nyingine ya kuukataza ule mchezo wa mjini. Bibi alicheka kidogo. "Zimwi langu nalisimulia tangu nilipokuwa mwali," alisema. "Halijapata kunidai hata kuku mmoja."

Mimi nilikuwa na swali langu. Nilimwuliza kwa nini hakuinua utambi hadithi ilipoisha.

"Mwanamume wa miaka 13 atalia mbele ya wenzake?" alisema. "Nilimwachia sitara."

Neno hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Sisi watu wa pwani tunalijua neno sitara kwa habari ya mavazi, ya ua wa nyumba, na ya mambo ya familia yasiyopelekwa barabarani. Sikuwahi kufikiri kwamba hata hadithi huwa na sitara yake. Giza la hadithi huwa kama ua: humzunguka msikilizaji ili apate kuogopa, kusikitika na kulia kwa ajili ya mtoto wa mrina asali, wala pasiwe na mtu wa kumwuliza ni nani hasa anayemlilia. Nadhani hicho ndicho walichokitetea wale waliotia saini 2008, ingawa wao walikiita rangi.

Asubuhi bibi aliniambia kwamba hadithi ile aliipokea kwa bibi yake, ambaye alikuwa mtoto wakati wa njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi iliyo magharibi ya Miteja, baada ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kugawa dawa aliyosema ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa Agosti 4, 1905, na vita vikaendelea mpaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, alilipandisha giza hilo jukwaani: mtu anachukuliwa na Hongo, mzimu wa maji, na watu wake wamebaki ukingoni wakimngojea. Wazee wa upande huu hawakuwa na njia ya kuwaficha watoto wao habari za kutisha, kwa kuwa habari hizo ziliwakuta mlangoni. Walichoweza kufanya ni kuchagua namna ya kuzisimulia, saa ya kuzisimulia, na nani akae karibu na nani.

Ndugu msomaji, tangu usiku ule nimejipatia vipimo vitatu, nami nakuwekea mbele yako uvikubali au uvikatae.

Cha kwanza, giza liwe na kazi. Bibi hakuanza hadithi kwa kuzima taa. Aliupunguza utambi pale sauti ilipoita kutoka mtini. Mchezo ambao kila pembe yake ni nyeusi na kila ukuta una damu, tangu mwanzo hadi mwisho, hatimaye huzoewa na macho kama tuzoeavyo chumba chenye moshi. Kwa kipimo hiki nimepata pia jibu la swali langu juu ya rangi. Habari ya mtu aliyefiwa na baba yake ina giza lake lenyewe, na aliyeubuni mchezo wa Zau aliweza kuinua utambi bila kupoteza kitu. Mchezo wa kuua mashetani, ambao mchezaji hampotezi mtu yeyote ampendaye, unahitaji picha na sauti zimpe uzito ambao kisa chenyewe hakina. Hivyo wale wa Diablo walikuwa na haki ya kudai giza kwa ajili ya mchezo wao, kama Salim alivyokuwa na haki ya kutia rangi katika wa kwake.

Cha pili, pawepo mahali pa kupumzikia. Mwaka 2011 kampuni ya Kijapani iitwayo FromSoftware ilitoa mchezo wa Dark Souls, unaosifika kwa ugumu na ukiwa wake: falme zilizobomoka, na watu wasioweza kufa wakapumzika. Hata humo, hapa na pale, mna moto unaowaka, na msafiri huketi kando yake akapata nguvu upya. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alilijua jambo hilo zamani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, anatuogofya kwa mzimu, lakini yupo Bwana Msa na akili yake, nasi tunajua kwamba mambo yatapambazuka. Mtoto wa mrina asali naye alimkuta mama yake amekoka moto. Hadithi isiyo na moto mahali popote humtoa msikilizaji nje ya ua, ikamwacha huko.

Cha tatu, ambacho kwangu ndicho kikubwa, mtoto asiachwe peke yake. Huko Ulaya tangu 2003 michezo hii huandikwa namba za umri juu ya kasha, 3, 7, 12, 16 na 18, chini ya utaratibu uitwao PEGI. Namba hizo ni msaada, na mzazi anayeziona asizipuuze; mchezo wenye namba 18 si wa mtoto wa darasa la nne hata kama analia kuutaka. Lakini namba haimjui mtoto aliyefiwa juma lililopita. Bibi alikuwa na mjukuu wa miaka 6 mapajani na mwingine wa miaka 13 gotini, na kwa hadithi moja aliwapa vipimo viwili. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mikono yake ilikuwa ikiwagusa wote wawili.

Najua mfanyakazi atanijibu nini. Atasema kwamba anatoka zamu saa mbili usiku, foleni inampotezea saa nyingine nzima, na akifika nyumbani hana nguvu ya kukaa kutazama gemu. Ni kweli. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Lakini nusu saa kwa juma haimshindi mtu, na maswali mawili yanatosha kuanzia: huyu ni nani, na anatafuta nini? Mtoto atakayejibu maswali hayo atakuwa amekuambia mengi zaidi ya uliyomwuliza.

Dada yangu hajaacha wasiwasi wake juu ya mizimu, wala mimi sikumshurutisha auache. Alilolifanya ni kuweka sharti: mchezo utachezwa nyumbani kwake, Jumamosi jioni, naye akiwapo. Kijana wa jirani, Mungu ambariki, hubeba kompyuta yake akavuka nayo uchochoro. Dada huketi juu ya kitanda akichambua mchele, na anapoisikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika mashine huuliza: huyu ni nani, na yule anamtaka nini? Mwanawe humweleza. Kwa mara ya kwanza tangu maziko nimemsikia mvulana yule akizungumza maneno zaidi ya kumi mfululizo.

Jumamosi iliyopita nilipita kuwajulia hali. Chumbani mlikuwa giza, isipokuwa mwanga wa kioo cha kompyuta na mstari mwembamba wa nuru chini ya mlango. Zau alikuwa akizungumza na Kalunga juu ya baba yake. Ungo wa mchele ulikuwa umewekwa sakafuni, na dada yangu alikuwa ameketi bega kwa bega na mwanawe. Nyuso zao sikuziona. Nilinyosha mkono kutafuta swichi ya taa. Dada akanifanyia ishara niiache.

Nikaketi nao. Tukutane Jumapili ijayo.